Mikono ya Kituo cha Kura

Kabla ya saa 1:00 asubuhi siku ya uchaguzi, kazi ya kwanza ya msimamizi wa kituo ni kuonyesha kwamba hakuna kitu. Analiinua sanduku la kura, analigeuza juu chini, analipitisha mbele ya mawakala wa vyama mmoja baada ya mwingine ili kila mmoja achungulie ndani na kuridhika. Kisha anafunga mfuniko, anapitisha lakiri, anasoma namba ya lakiri kwa sauti, na mawakala wanaiandika. Hapo ndipo mpiga kura wa kwanza anaitwa aingie. Tendo lote halichukui muda mrefu, na wengi walioko kwenye foleni hawalioni. Lakini kazi yote ya siku imejengwa juu yake. Jioni, zikitoka kura 400 ndani ya sanduku hilo, kila aliyekuwepo asubuhi anajua kwamba hazikulala humo tangu jana.

Makala haya ni ya kuusifu ufundi huo, ufundi wa kuendesha kituo cha kupigia kura. Hatuuzungumzii mara nyingi. Tukizungumzia uchaguzi tunataja wagombea, mikutano, nyimbo, ahadi na matokeo. Walimu na vijana wanaokaa nyuma ya meza kutwa nzima hatuwataji, ilhali wamebeba jambo gumu: wanalinda siri ya kila mtu, na wakati huohuo wanatakiwa kuzihesabu kura za wote hadharani. Mambo hayo mawili yanavutana. Siri ikizidi, hesabu haiaminiki. Uwazi ukizidi, mpiga kura anaogopa. Kituo kilichoendeshwa vizuri huyaweka yote mawili ndani ya chumba kimoja, kila moja kwa wakati wake.

Ugumu wa kazi hii unaonekana vizuri zaidi mahali padogo. Kata ya Kihagara iko Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Zamani eneo hili lote lilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga, na wananchi wake walichagua mbunge wa jimbo la Mbinga Magharibi. Tangu 2015 jimbo linaitwa Nyasa, na makao ya wilaya yako Mbamba Bay. Watu wa ufuko huu wanaishi kwa samaki wa usipa na mbasa, na kwa mihogo. Katika vijiji vya namna hii mwenye nyavu anajulikana, mwenye injini ya boti anajulikana, na nani anadaiwa na nani pia inajulikana. Mgombea udiwani anaweza kuwa mjomba wa mtu, na mshindani wake akawa shemeji wa mtu huyohuyo. Mkazi wa jiji kubwa akipiga kura anapotea ndani ya umati. Mkazi wa kijiji cha wavuvi hana umati wa kujificha, na alicho nacho ni utaratibu wa kituo peke yake.

Ndiyo maana kati ya karatasi tatu anazopewa mpiga kura wa Tanzania Bara, yaani ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani, ile inayohitaji siri kuliko zote ni ya tatu. Rais hatajua kamwe kama mvuvi wa Kihagara alimchagua au alimnyima. Diwani atakutana na mvuvi huyo kesho yake asubuhi, penye kuanika dagaa.

Siri hii haikuwepo tangu mwanzo, wala si kila mahali imekubaliwa. Jirani zetu wa Kenya, katika kura za mchujo za chama cha KANU za mwaka 1988, walipangwa kwa mlolongo: kila mtu alisimama nyuma ya mgombea wake au nyuma ya picha yake, na watu wakahesabiwa juani. Uganda ilichagua viongozi wa vijiji kwa kupanga mistari Julai 2018. Wanaoutetea mtindo huo husema ni rahisi na kila mtu anauona. Ni kweli, uwazi wake hauna mfano. Tatizo ni kwamba anayeonekana na wote anaonekana pia na mwajiri wake, mkwe wake na mwenye deni lake.

Hata Marekani, nchi inayojitaja kila siku kama shule ya demokrasia, ilikaa karibu miaka 100 bila karatasi ya siri. Vyama vyenyewe vilichapisha karatasi za kura, mara nyingi za rangi tofauti, na mtu alikwenda nayo mkononi mbele ya macho ya watu hadi kwenye sanduku. Aliyemlipa aliweza kumfuata kwa macho na kuhakikisha kwamba fedha yake haikupotea. Karatasi moja iliyochapishwa na serikali, yenye majina ya wagombea wote na kujazwa faraghani, ilianza kutumika katika makoloni ya Victoria na South Australia mwaka 1856. Jimbo la Massachusetts liliipitisha mwaka 1888, na majimbo mengine yakafuata. Kabla ya hapo kura ilikuwa kitu cha kuuzwa kwa urahisi, kwa sababu mnunuzi aliweza kuiona bidhaa yake.

Kwetu njia ilikuwa nyingine. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mkoloni alimtaka kila mpiga kura achague watu watatu kwa pamoja, Mwafrika, Mzungu na Mhindi, na hakuruhusu kupiga kura ila wachache waliofikia masharti ya elimu, kipato au cheo. Chama cha TANU kilijadili sana katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 kabla ya kukubali kuingia katika uchaguzi huo wa kura tatu, na mwanachama wake Zuberi Mtemvu akajitoa chamani kwa kutokubaliana na uamuzi ule. Miaka michache baadaye, katika uchaguzi wa chama kimoja wa 1965, swali lilikuwa la kiufundi kabisa: mtu asiyejua kusoma atachaguaje kwa siri bila kusomewa karatasi na mtu mwingine? Jibu lilikuwa jembe na nyumba. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, na mpiga kura akaweza kuamua akiwa peke yake. Utaratibu huo mwepesi ulikuwa na nguvu za kutosha kumwangusha hata waziri wa fedha, Paul Bomani, katika mwaka huohuo. Leo karatasi ina picha ya mgombea, jina lake na nembo ya chama chake, na mwenye kuchagua anaweka alama ya vema katika kisanduku kilicho mbele ya picha hiyo.

Sasa tufuate foleni. Mpiga kura kwanza hutafuta jina lake kwenye orodha iliyobandikwa nje ya kituo. Orodha hiyo inatoka katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililoanzishwa mwaka 2004 na kuandikwa upya mwaka 2015 kwa mashine za kuchukua alama za vidole na picha. Mwaka 2015 Daftari lilikuwa na majina zaidi ya milioni 23. Kufikia 2025 yalikuwa zaidi ya milioni 37. Haifai kulichanganya na orodha ya kitongoji, ile iliyoandaliwa Oktoba 2024 kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba. Hizo ni orodha mbili, za kazi mbili, na aliyejiandikisha katika moja hajajiandikisha katika nyingine.

Mlangoni kuna karani mwongoza wapiga kura. Kazi yake inaonekana ndogo, kumbe ndiyo inayoamua kama foleni itakuwa na amani. Yeye ndiye anayewatanguliza wazee, wagonjwa, wajawazito, akina mama wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu, na ndiye anayemweleza kijana mwenye haraka kwa nini bibi aliyefika sasa hivi anaingia kabla yake. Ndani, msimamizi msaidizi anapokea kadi ya mpiga kura, anatafuta jina kwenye daftari na kulisoma kwa sauti. Sauti ile ina kazi. Mawakala wanaosikiliza ni watu wa mahali hapo, wanawajua majirani zao. Likisomwa jina la marehemu au la mtu aliyehamia Songea miaka mingi iliyopita, kuna masikio yatakayoshtuka. Kwa siku hiyo moja, ile tabia ya kijiji ya kumjua kila mtu, ambayo ni tishio kwa siri, inageuka kuwa kinga ya Daftari.

Msimamizi msaidizi wa pili anachana karatasi kutoka kwenye kitabu, na kishina kinabaki. Karatasi inatoka na kishina kinakaa, ili jioni ijulikane ni ngapi zilitolewa. Anamwonyesha mpiga kura namna ya kuzikunja. Kukunja nako kumefikiriwa: karatasi iliyokunjwa vizuri huficha alama ya vema wakati wa kutoka kituturini hadi kwenye sanduku, hatua chache ambazo watu wote chumbani wanaziona.

Kituturi chenyewe ni kitu cha kawaida sana kwa kukitazama: kizuizi kilichosimamishwa juu ya meza ili mtu afiche mikono yake na karatasi yake. Ndani yake hakuna mume, hakuna mwenye nyavu, hakuna mwenyekiti wa kitongoji. Kwa mwanamke ambaye kila uamuzi wa nyumbani kwake hupita kwa mwingine, nusu dakika ile huenda ikawa ndiyo pekee katika miaka 5 ambayo anaamua jambo kubwa bila kuulizwa sababu. Asiyeona hupewa kifaa cha nukta nundu kinachoshika karatasi, chenye nafasi anazoweza kuzipapasa, ili apige kura mwenyewe. Akitaka kusaidiwa, anamchagua mwenyewe wa kumsaidia. Aliyekosea kuweka alama hurudisha karatasi na kupewa nyingine, na ile ya kwanza huwekwa kando kama karatasi iliyoharibika, ikingoja kuhesabiwa nayo jioni.

Masanduku ni matatu, yanapenyeza mwanga, na mifuniko yake ina rangi tofauti ili karatasi ya Diwani isitumbukizwe kwenye sanduku la Rais. Kabla mpiga kura hajatoka, kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto hutiwa wino. Wino wa aina hii, ambao India imekuwa ikiutumia tangu 1962, una naitreti ya fedha, kemikali inayoshikana na ngozi na kuwa nyeusi ikipigwa na mwanga wa jua. Sabuni haiuondoi, wala maji ya ziwa; unaondoka pale ngozi na ukucha vinapoota upya. Ni kinga ya bei nafuu dhidi ya kupiga kura mara mbili, na haihitaji umeme wala mtandao.

Tupige hesabu kidogo ili tuone uzito wa kazi. Mwaka 2015 kituo kimoja kiliwekewa kikomo cha wapiga kura 450. Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, yaani dakika 540. Watu wote 450 wakijitokeza, kila mmoja ana dakika moja na sekunde 12 za meza ile: jina kutafutwa, kusomwa, karatasi tatu kuchanwa na kukunjwa, kidole kutiwa wino. Msimamizi msaidizi akichelewa sekunde 20 kwa kila mtu, jioni atakuwa nyuma kwa saa mbili na nusu. Anayefanya kazi hii vizuri haonekani akifanya haraka. Mikono yake imezoea, macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye herufi anayoitafuta, na kila mtu anayesimama mbele yake anaitwa baba, mama, bibi au kaka kwa heshima ileile, awe anafahamika au la.

Saa 10:00 ikifika, mlinzi wa kituo anasimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni. Waliotangulia mbele yake watapiga kura hata jua likizama; atakayefika baadaye amechelewa. Naipenda kanuni hii kwa sababu inakata ubishi wote wa saa ya nani iko mbele na ya nani iko nyuma. Mwisho wa foleni unakuwa mtu anayeonekana.

Halafu chumba kinageuka. Kutwa nzima kazi ilikuwa kuficha. Kuanzia sasa kazi ni kuonyesha. Karatasi iliyokuwa siri ya mtu mmoja, baada ya kuchanganyika na nyingine, imekuwa mali ya wote. Lakiri zinakaguliwa kama namba ni zilezile za asubuhi. Karatasi ambazo hazikutumika zinahesabiwa, zilizoharibika zinahesabiwa, majina yaliyokwisha kuwekewa alama kwenye daftari yanahesabiwa. Ndipo sanduku la Rais linafunguliwa kwanza, kisha la Mbunge, kisha la Diwani. Kila karatasi inakunjuliwa, inainuliwa ili mawakala waione, inatajwa, inawekwa kwenye fungu lake. Wavuvi wanaogawana samaki waliovuliwa kwa nyavu za pamoja wanaujua moyo wa jambo hili: mgao hufanyika mbele ya wote, polepole, na hakuna anayeruhusiwa kugawa akiwa amewapa wenzake mgongo.

Kuna karatasi zinazoleta mjadala. Mzee ameweka alama ya msalaba badala ya vema, au vema lake limetoka kidogo nje ya kisanduku. Linaloulizwa ni kama nia ya mpiga kura inaonekana bila shaka. Ikionekana, kura ni halali. Lakini aliyeandika jina lake au sahihi yake kwenye karatasi, hata kama amemchagua mtu waziwazi, kura yake inakataliwa. Wengi huona huo ni ukali, kwa kuwa mtu ametaka tu kujitambulisha. Sababu yake ni nzito: mpiga kura akiruhusiwa kujitambulisha, mnunuzi wa kura atamwamuru ajitambulishe. Kwa hiyo siri ni haki ya mpiga kura, na pia ni wajibu wake, na sheria haimruhusu aitoe hata kwa hiari.

Ugumu wa kuisoma nia ya mtu kwenye karatasi ulionekana dunia nzima mwaka 2000, katika jimbo la Florida. Kaunti kadhaa huko zilitumia kadi za kutoboa kwa kijiti, na maelfu ya kadi hazikutoboka sawasawa. Vipande vilibaki vikining'inia. Maofisa walizishika kadi zikielekezwa kwenye taa, wakitafuta tundu. Tofauti kati ya George W. Bush na Al Gore ilikuwa kura 537 kati ya karibu milioni 6, na tarehe 12 Desemba Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba hesabu ya marudio isiendelee. Marekani ilikuwa na fedha, mashine na wanasheria wa kutosha. Kalamu na karatasi yenye picha, mikononi mwa karani makini wa kijijini, huacha alama iliyo rahisi kusomeka kuliko tundu lile.

Hesabu ikiisha, inaandikwa. Katika uchaguzi wa 2015 fomu ya matokeo ya kituo ilikuwa Namba 21: 21A ya Rais, 21B ya Mbunge na 21C ya Diwani. Msimamizi anasaini, mawakala wanasaini na kupewa nakala, na nakala moja inabandikwa nje ya kituo. Wakala mwenye malalamiko alikuwa na fomu yake ya kuyaandika papo hapo, Namba 14 kwa upigaji kura na Namba 16 kwa kuhesabu. Fomu za matokeo ndizo moyo wa ufundi wote. Kutoka hapa matokeo yatakwenda kata, jimbo na Taifa, na kila yanapohama yanapita kwenye mikono mipya. Nakala ya mlangoni ndiyo shahidi asiyesafiri.

Thamani ya shahidi huyo wanaijua vizuri watu wa ng'ambo ya ziwa letu. Malawi ilipiga kura tarehe 21 Mei 2019. Baadaye ikabainika kwamba fomu nyingi za matokeo zilikuwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia makosa na kuandikwa upya juu yake. Wamalawi wakauita uchaguzi wa Tipp-Ex. Tarehe 3 Februari 2020 mahakama ilifuta matokeo ya urais, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 23 Juni, Lazarus Chakwera akashinda. Majaji wale walihitaji karatasi za kuzishika, za kituo kwa kituo, na karatasi zilikuwepo. Kenya nayo, baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, ilipiga hatua kubwa mwaka 2022: fomu 34A za vituo vyake zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye mtandao wa tume, na mwananchi yeyote mwenye simu akaweza kuzijumlisha mwenyewe.

Kwa Tanzania uzito wa fomu ya kituo ni mkubwa zaidi, kwa sababu Katiba yetu, ibara ya 41(7), inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya tume kumtangaza mshindi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Bado kipo. Mahali ambapo mlango wa mahakama umefungwa, hesabu ya kituoni inabaki kuwa kituo cha mwisho cha ukweli, na ni lazima ifanywe kwa usafi wa hali ya juu.

Ufundi huu una mipaka, na kuusifu bila kuitaja mipaka hiyo ni kuwadanganya wanaoufanya. Mpaka wa kwanza ni vifaa. Tarehe 29 Oktoba 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo huo kurudi 1992, karatasi na masanduku vilichelewa au kukosekana Dar es Salaam, na majimbo yote 7 ya jiji yakapiga kura upya tarehe 19 Novemba. Kama jiji lenye bandari lilikwama, tufikirie kazi ya kuvifikisha vifaa kwenye ufuko wa Nyasa, na kaskazini zaidi upande wa Ludewa, ambako milima ya Livingstone inashuka hadi majini na vipo vijiji ambavyo njia yake kuu ni boti.

Mpaka wa pili ni majina yaliyomo kwenye karatasi. Hata karani aikunje karatasi vizuri namna gani, hawezi kuongeza jina lililoachwa. Kwa sheria zetu, anayetaka urais hudhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa 10, miwili ikiwa ya Zanzibar; anayetaka ubunge hudhaminiwa na wasiopungua 25 wa jimbo lake. Hayo ni masharti yanayobebeka. Lililo gumu ni kwamba lazima adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki ya mgombea binafsi kwa miaka 20: Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994 na tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika ikampa ushindi tarehe 14 Juni 2013. Alifariki mwaka 2015 kabla hajaona mgombea binafsi kwenye karatasi yoyote ya Tanzania. Marekani mgombea binafsi anaruhusiwa, lakini kila jimbo lina masharti yake na baadhi hudai makumi ya maelfu ya sahihi. Huko pia majina hugombewa mahakamani. Mahakama ya Colorado iliamua jina la Donald Trump liondolewe kwenye karatasi ya kura za mchujo, na tarehe 4 Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji 9, ikautengua uamuzi huo.

Mpaka wa tatu ni utii wa wakubwa kwa utaratibu wa wadogo. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 karatasi zetu za Rais hazikuwa na jina la mgombea wa CHADEMA, chama kilichozuiwa tangu Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili, wala la Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo, aliyeenguliwa. Siku hiyo ilikwisha kwa vurugu, intaneti kuzimwa na watu kupoteza maisha. Waangalizi wa Umoja wa Afrika waliripoti kura za kujazwa katika baadhi ya vituo, na kwamba baadhi yao walitakiwa kutoka wakati wa kuhesabu. Kila mstari wa ripoti hiyo unagusa kanuni iliyoelezwa hapa juu: sanduku lioneshwe tupu, mtu mmoja apewe karatasi moja, kura zihesabiwe mbele ya macho. Kanuni zenyewe zilikuwa sahihi, ila hazikuachwa zifanye kazi yake.

Kwa hiyo naziomba pande tatu. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ichapishe fomu ya matokeo ya kila kituo mahali ambapo kila mwananchi anaweza kuisoma, kama Kenya ilivyofanya. Bunge lifungue njia ya mgombea binafsi, na liondoe kizuizi cha ibara ya 41(7), ili kazi ya usiku ya karani iwe na mahakama ya kuilinda. Na wewe kijana wa Kihagara, wa Liuli, wa Lituhi, wa Mbinga mjini: nafasi za watendaji wa vituo zikitangazwa, omba. Ukiteuliwa kuwa wakala wa chama, soma kanuni kabla ya siku, andika namba za lakiri, kaa hadi karatasi ya mwisho, na usiondoke bila nakala yako ya fomu iliyosainiwa.